Mwewe au Mla-Nyoka

Jilore, Jumapili

Mdogo wangu Sheikha,

Assalaam aleikum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekupa nafuu. Mimi nashukuru kwa nilichobakishiwa. Daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba moyo umechoka, na sidhani kama nitaifunga Ramadhani ijayo. Usilie. Chai bado nainywa, na utani bado naujibu.

Habari kubwa ya huku ni ndege. Kwenye mti wa mbambakofi ulio mpakani mwa shamba letu na la jirani yangu Kiponda, amejenga kiota ndege mkubwa wa kahawia, na tangu hapo vifaranga wa Kiponda wanatoweka. Alinijia na panga mkononi, akaniambia kwamba mimi niliyemfunza majina ya ndege ndiye kadhi wao. Nitamke tu kuwa yule ni mwewe, naye apande akavunje kiota, mayai na yote.

Nilitazama juu kwa muda, nikamwambia si mwewe. Ni tai mla-nyoka, hana haja na kuku wa mtu. Kiponda alikuwa na hakika yake, lakini kwa kuwa nimesema mimi, alijicheka kwamba macho yake hayafai hata kuchagua embe sokoni, akarudi kwake. Halafu, kwa kuwa mwizi lazima apatikane, akamshuku mbwa wake. Alimpiga, akamfukuza. Mbwa hayupo, na vifaranga bado wanapungua.

Sheikha, sikumwona yule ndege. Mtoto wa jicho amenifunika macho yote mawili, na haya nayaandika pua ikigusa karatasi. Kule juu niliona doa tu ndani ya ukungu. Niliona haya kusema sijui, mbele ya mtu anayeniita mwalimu hadi leo, nikachukua jina lililonijia kwanza.

Basi njoo Alhamisi, uje na macho yako. Usiiamini rangi, maana wote ni kahawia. Wala ukubwa, maana ndege aliye peke yake angani hana wa kupimwa naye. Ngoja ageuke. Mwewe hupinda mkia huku na huku kama usukani, na ncha yake ina pengo katikati. Mla-nyoka mkia wake hauna pengo, na akitua utaona kichwa kikubwa mfano wa bundi, na miguu mitupu isiyo na manyoya.

Akiwa mwewe, mwambie Kiponda mbele yangu. Akiwa mla-nyoka, usifurahi kwamba nilipatia, ukanifichia siri. Mwambie vilevile kwamba kaka yako hakuona kitu, ili akamtafute mbwa wake.

Wajukuu wote wapokee salamu zangu, na majirani wa mtaani kwenu wanaonikumbuka. Mungu akulinde njiani.

Kaka yako akupendaye,
Abdillahi