Rita Ameondoka, Alama za Diski Zimebaki

Nyanya Wakio mpendwa,

Nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni Mutinda wa Kaloleni hapa Voi, nina mke anaitwa Rita na mtoto wetu Koki ndio ameanza kutambaa, na nina kompyuta ya mezani ambayo natumia kwa nyimbo za kwaya ya kanisa letu, kwa sababu mimi ndiye ninayezitunga na kuzirekodi, na wanakwaya wananipa flashi zao nije nazo nyumbani niwawekee nyimbo. Sasa Nyanya, siku moja niliwasha kompyuta nikakuta kwenye skrini alama za diski ambazo sikuziweka mimi, vipicha vya diski vyenye kamshale kadogo pembeni, nikavifuta, vikarudi, nikavifuta tena, vikarudi na wenzao, na nikibofya kimoja skrini inazima kidogo halafu hakuna kitu, na zile folda za nyimbo kwenye flashi nazo zimegeuka kuwa vimshale vilevile.

Hapo nikakumbuka kwamba binamu ya Rita, Valentine, amesomea kompyuta na alikuwa ametutembelea, na kwao Rita ni Mgange, juu milimani, na kwaya ya huko tutakutana nayo kwenye mashindano, basi nikaunganisha mambo kichwani, nikamwambia Rita kwamba yeye na Valentine wanachomeka diski zao kwa kompyuta yangu waibe nyimbo wapeleke kwao. Rita akacheka, akasema, "Baba Koki, hiyo kitu hata kuiwasha siwezi, wewe huniachii." Badala ya kunyamaza nikasema watu wa milimani ndivyo mlivyo, mnachekea mtu huku mnamchimba. Rita alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mkoba, akapanda kwao.

Tangu aende mambo yamezidi, kila nikitoka mazoezini alama zinaongezeka, sasa zimejaa nusu ya skrini, nikaona hiki ni kitu kimetumwa, nikamwita Mama Margaret wa kikundi cha maombi, wakaja wakaiombea kompyuta na kuipaka mafuta, na mafuta mengine yakaingia kwa kibodi, sasa herufi R haibonyezeki, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Kuna mtu ameniambia nifute kila kitu nianze upya, lakini humo ndimo mna nyimbo zangu zote na picha za Koki tangu azaliwe. Je, nifute? Na Rita nimwambie nini, maana simu yangu hashiki, na hii nyumba imenyamaza mpaka nasikia jirani akikoroga chai.

Mutinda, Kaloleni


Mutinda mjukuu wangu,

Mimi sikwenda shule. Barua yako nimesomewa na Shanice, mtoto wa binti yangu, na haya ninayosema ndiye anayeyaandika. Alipofika pale pa mafuta kwenye kibodi alicheka mpaka nikamfinya. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimekasirikia yale ya watu wa milimani, kwa sababu mimi pia ni wa milimani, na ni mimi unayenililia.

Kaa nikuulize. Rita yuko Mgange. Valentine alishaenda zake. Kompyuta iko Kaloleni, umebaki nayo peke yako, na alama zinaongezeka kila ukitoka mazoezini. Huyo mwizi anaingilia wapi, darini? Na wewe ukitoka mazoezini mfukoni mna nini? Flashi za kwaya! Ni wewe, baba. Wewe ndiye unayemfungulia mlango.

Nilimuuliza Sylus, fundi wa kompyuta karibu na soko la Voi. Akaniambia, "Nyanya, hiyo ni virusi. Inatembea na flashi. Mtu anaichomeka kwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, anaichomeka shuleni, anampa Mutinda." Inaficha faili za kweli na kusimamisha kamshale mahali pake, na ukikabofya ndio unaipa nguvu.

"Kwa hivyo nyimbo zimepotea?" nikamuuliza.

"Mara nyingi ziko palepale, Nyanya. Zimefichwa tu."

Hapo nikaelewa. Ile alama si diski. Ni kama kibao pale Mwatate kinachoonyesha njia ya Wundanyi. Uking'oe, Wundanyi haijaenda popote. Usimamishe vibao mia, hujapata Wundanyi mia.

Kwa hivyo usifute kompyuta. Acha kubofya vitu usivyovijua. Chomoa flashi zote, umpelekee fundi pamoja na mashine, apitishe programu ya kuua virusi, afunue yaliyofichwa, na picha za Koki aziweke nakala mahali pengine. Kuanzia hapo, flashi ya mtu haiingii kwako kabla haijapimwa, hata ikiwa ya mchungaji. Kwaya watanuna. Wanune. Na ile kibodi mpelekee Mama Margaret akakaangie mandazi.

Lakini hiyo yote ingoje. Kwanza Rita. Mtu anayesikia chai ya jirani kwa sababu mkewe hayupo si mtu mbaya, ni mjinga tu, na mjinga wa aina hiyo nampenda. Ila simnyamazii.

Chukua sukari na majani ya chai, upande Mgange mwenyewe. Salimia wazazi wake, na usithubutu kuanza na hadithi ya virusi. Virusi haikutukana watu wa milimani, ni mdomo wako. Sema mbele ya mama yake: nilimsingizia Rita na Valentine, nikawatukana nyinyi nyote, nimekosa. Halafu funga mdomo. Wakikupa jembe, lima. Wakikuacha nje, kaa nje. Baridi ya Mgange haijaua mkwe bado.

Na mkirudi, mfundishe Rita kuiwasha hiyo kompyuta. Alipokwambia humwachii alikuwa anakulalamikia, wewe ukasikia kicheko peke yake.

Hiyo herufi R isikusumbue. Jina la mke halihitaji kibodi. Simama uani kwao uliite kwa sauti yako ya kwaya, Rita asipotoka haraka, Koki atatambaa kuja.