Chumvi Chini ya Mlingoti

Jumatatu, 2 Machi
Tumeamka wazima wote. Mimi, wanangu Biira na Masika mdogo, mama mkwe na kifua chake, mbuzi mbili, kuku. Mungu asante. Chai bila maziwa.
Leo Mzee Baluku ameshusha mlingoti wa mashua yake ya tanga. Mvua ikianza ziwa linakuwa baya, mashua inalala mpaka Mei. Amefungua zile nyaya tatu zinazoshika mlingoti, akazikunja duara. Yote ameniachia mimi, maana nyumba yangu iko na bati nzuri. Yeye anaenda Bwera kwa mwanawe. Amesema, "Binti, vikae kavu tu. Usiongeze kitu." Nimefurahi kuaminiwa.

Alhamisi, 5 Machi
Mchwa kwa nguzo ya mlango. Nimeogopa, mlingoti italiwa. Hapa Kabatoro, kwetu wachota chumvi, kila mama anajua dawa ya mchwa: chumvi. Nimemwaga debe nzima chini ya mlingoti, na juu ya nyaya pia. Sasa roho imetulia.

Jumamosi, 11 Aprili
Mvua wiki mbili. Ile chumvi imetoa maji, sakafu ni tope. Mlingoti mzima. Lakini nyaya zimekuwa nyekundu. Nimesugua na majivu. Haitoki. Sijaambia mutu.

Ijumaa, 22 Mei
Mzee amepiga simu. Anakuja Jumatatu kusimamisha mlingoti, Jumanne anaingia ziwani. Nimesema kila kitu iko sawa. Nimedanganya mzee anayeniita binti.
Halafu nimefanya mbaya zaidi. Nimepaka nyaya grisi ya pikipiki, kutu isionekane. Mama Neema, jirani yangu wa kutoka Butembo, amepita akaona. "Eh, Mama Biira, inang'aa hivi! Unaacha chumvi, unakuwa fundi wa mashua?" Nimecheka naye. Uso ulikuwa moto.

Jumapili, 24 Mei
Kanisani sikuimba. Nimerudi, nikashika waya moja, nikavuta kwa nguvu. Nyuzi mbili zikakatika, zikanichoma kidole.
Mimi ni mwanamke tu na mikono yangu. Upepo wa ziwa je? Mlingoti ungemwangukia huko katikati, na mzee hajui kuogelea. Ningemuua kwa kuogopa aibu.
Nimefuta grisi yote na sabuni. Kutu imeonekana tena. Kisha nimeandika kwa simu, polepole: "Mzee wangu, salamu kwako, kwa mwanao, kwa mke wake, kwa watoto wote. Nyaya zimeoza. Ni mimi, niliweka chumvi kuzuia mchwa. Ijumaa nilikudanganya. Usipandishe mlingoti na hizi. Nijibu upesi, hata kama ni kunitukana."

Jumatatu, 25 Mei
Mama mkwe amekohoa kidogo tu. Biira ameenda kuchota maji.
Jibu limekuja asubuhi. "Nimesikia. Nakuja na nyaya mpya. Mlingoti je?"
Nimejibu: mzima, mchwa haijagusa.
Hakuandika binti.
Nyaya za zamani nimezitundika mlangoni. Akiingia azione kwanza.