Shauri la Mjomba Mloka

Jumatatu, 3 Machi

Ofisini Mafiga tangu asubuhi. Mvua. Nimesoma majibu ya Wakili wa Serikali. Ukurasa wa pili tu, jina la mjomba. Nilijua litakuja.

Marehemu wengine wanaachwa wapumzike. Mjomba Mloka, kaka wa mama yangu, anaitwa mahakamani kila Serikali inapotaka kumtoa mtu mlimani bila kumsikiliza. Walimtoa yeye, akashtaki. Akaulizwa shamba ni la nani. Akajibu, "Si langu." Mluguru gani wa rika lake angejibu vingine? Ardhi ni ya ukoo, inapita kwa wanawake, mtu analima tu. Mahakama ya Rufani ikaandika kwamba asiyedai kitu kuwa chake hana haki ya kusikilizwa kabla hakijachukuliwa. Ikishasema Rufani, sisi wa chini tunafuata.

Alifia chumba cha kupanga. Hakuelewa mpaka mwisho alikosea wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanda kwa mama mkubwa Skolastika, juu ya Bigwa. Safari hii ni yeye. Ameambiwa ahame, shamba liko kwenye chanzo cha maji. Maji yalindwe, sikatai. Sote mjini tunayanywa. Lakini mtu aulizwe kwanza!

Nimemweleza njia iliyobaki. Shauri lake litofautiane na la kaka yake. Aseme shamba ni lake.

Amenitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, ya ukoo niseme yangu? Wenyewe waliozikwa hapa wanasikia."

Nimemjibu vibaya. Nimesema hao wenyewe hawana wakili. Nimeshuka mlima na hasira, nyingi yake ni juu ya nafsi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimesikia kikohozi cha mjomba kwenye korido ya mahakama. Nimegeuka. Mzee mwingine kabisa. Naogopa kesho.

Jumatano, 12 Machi

Wakili wa Serikali ni kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama mkubwa shikamoo kabla hatujaingia. Kisha akamuuliza swali lile lile, kwa utaratibu. Shamba hili ni la nani?

Mungu anisamehe, nilimwona mjomba kizimbani kando yake, amevaa koti lake la kijivu, anataka kujibu.

"Langu," akasema mama mkubwa.

Jaji akauliza kama ni lake peke yake. Akasema ndiyo, peke yake. Sauti sikuitambua. Kurudi nyumbani alitembea mbele yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Tumeshinda. Jaji amesema shauri la Mloka halihusiki hapa, maana yule alikana na huyu amedai. Asiondolewe kabla ya kusikilizwa na kulipwa fidia. Mawakili wenzangu wamenipongeza, mmoja ataitumia hukumu hii wiki ijayo.

Sina furaha. Mwenye chake amelindwa. Wenye chao kwa pamoja bado wamefungwa na maneno ya mjomba. Sikumtoa pale. Nilimpita pembeni.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa, ukoo umekaa. Binamu yangu Kastori, mtoto wa mama mkubwa, amepata mnunuzi. Anasema mahakama imeshaamua shamba ni la mama yake, wajomba na binamu hawaulizwi tena. Hakuna aliyempigia kelele. Wazee waliniangalia mimi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimepanda tena Bigwa. Kumetulia, ukungu haujapanda. Mama mkubwa hakuuza. Nimemkuta anapalilia maharage.

Akaniuliza, akifa yeye, shamba la nani. Nikamjibu kisheria, la Kastori. Na Kastori akifa? La watoto wake. Watoto wa Kastori ni wa ukoo wa mama yao, sote tunajua.

"Basi wewe na mimi ndio tumelitoa kwenye ukoo," akasema. Hakusema kwa ukali.

Akaendelea na palizi. Nikavua viatu nikamfuata mstari wa pili. Tukapalilia mpaka jua likatoka.