Mama Rosaline Wakonyo na Kitabu Kisicho na Jalada

Mwaka umetimia wiki hii, Mama, tangu Jumatano ile ya Agosti ulipotuacha. Mahindi ya shamba letu kijijini Kwanza yamebeba tena, na Baba bado anayazungukia kila asubuhi kabla ya chai, jambo ulilokuwa ukimcheka.

Watu wengi wa Kitale wanakukumbuka kwa sare za shule ulizowashonea watoto wao, zile ambazo mfuko haukuchanika hata mtoto akibebea mawe. Sisi leo tunataka kukueleza habari ya kile kitabu, kwa sababu imefika mwisho na wewe hukuwepo.

Ilianza mwaka 2001. Ulikuwa umenunua sokoni furushi la karatasi kuukuu za kukatia vipimo vya nguo, na ndani yake mkatoka kitabu kinene cha Kiingereza kisicho na jalada. Mkasi ulikuwa mkononi tayari. Ukasoma ukurasa mmoja ukiwa umesimama, halafu wa pili. Mama Bilha, aliyekuja kuchukua rinda lake, alingoja mpaka akachoka akaenda zake. Rinda alilipata kesho yake, pamoja na nusu ya hadithi.

Nyumbani kwetu tulijua vitabu vya mtihani na vya kanisani. Hiki kilikuwa cha nchi isiyokuwepo popote. Kulikuwa na mto unaopanda kwenda juu badala ya kushuka, na mji uliokaa juu ya mawingu, na msichana aliyeufuata mto huo akimtafuta kaka yake aliyechukuliwa na mfalme wa ukungu. Wewe ulikuwa umeishia darasa la saba. Ukaweka kamusi ya mwanao Gladwell kando ya cherehani, na neno likikushinda unasimamisha mguu, unalitafuta, unaendelea kushona.

Jumamosi alasiri watoto wa wateja walianza kujaa kwenye duka lako ukiwasimulia kwa Kiswahili. Majina ya Kiingereza uliyatupa, ukaweka ya kwako. Punda mkaidi wa yule msichana ulimwita Kimotho. Baba alipopata habari kwamba jina lake limepewa punda, alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja dukani mwenyewe, akakaa nyuma kabisa, asikie punda amefika wapi.

Kitabu kikaisha vibaya. Msichana amesimama mbele ya lango la mji, mkono uko kwenye kitasa, na chini pameandikwa kwamba huo ni mwisho wa kitabu cha pili. Hatukuwa tumekiona cha kwanza, wala cha tatu. Ukazunguka maduka yote ya vitabu Kitale, wakakwambia wao wana vya shule na Biblia. Watoto wakakuomba uwatungie mwisho. Ukakataa. Ulisema huwezi kuwadanganya, kwa sababu hujui.

Ni Nabwile, aliyekuwa akiuza vitambaa mlango wa pili, aliyekwambia kwamba huko kwao Bungoma kuna mwalimu mmoja, Wekoye, anayesoma vitabu vya ajabu-ajabu namna hiyo. Ukamchukua Gladwell mkaenda bila kualikwa. Nasambu, mke wa mwalimu, aliwapikia kuku kabla hata hajajua shida yenu. Ulipoanza kueleza habari za mto unaopanda, Mwalimu Wekoye aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kitabu cha kwanza.

"Mama," alikwambia, "nimekaa miaka sita nikijiuliza huyo msichana aliishia wapi."

Alikusihi umweleze. Ulikataa, ukampa kitabu chako asome mwenyewe, nawe ukaja na chake. Tangu siku hiyo mkawa kama ndugu. Mlikuwa mkitumiana vitabu kati ya Kitale na Bungoma vikiwa vimefungwa kwa gazeti, na mwisho wa kila barua mmoja anamwuliza mwenzake kama cha tatu kimepatikana.

Rafu ya duka ikajaa. Ulimwazima yeyote aliyenawa mikono. Mzee Kimaiyo wa kanisani alikuja kukuuliza kama hivyo si vitabu vya uchawi. Ukampa kimoja akichunguze. Baada ya wiki mbili alikirudisha, akasema hajaona ubaya, ila ingefaa achunguze na kingine. Alichunguza mpaka akamaliza rafu.

Halafu ukaja ule mwezi wa Januari 2008, wa vurugu za baada ya uchaguzi. Nyumba yetu kule Kwanza ikachomwa, na sisi tukajikuta chini ya turubai kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine. Hatutaki kuyarudia yote. Tunakumbuka tu kwamba Mwalimu Wekoye alikuja kutoka Bungoma na unga na blanketi, watu wakimwonya asije, na kwamba alipokuuliza unahitaji nini kingine ulisema sindano na uzi.

Ulikuwa ukishonea watoto wa turubai za jirani nguo zilizochanika, na ukishona ukaanza kuwasimulia. Mto, punda, mawingu. Ukafika langoni. Tukajua utasimama hapo kama siku zote. Hukusimama. Siku tatu mfululizo, alasiri, ulimpitisha msichana langoni, ukamkutanisha na kaka yake, ukawateremsha wote wawili kwa mto ule ule mpaka kwao, wakamkuta mama yao anapepeta mahindi. Mwalimu alikaa chini pamoja na watoto siku zote tatu.

Gladwell alikuuliza, "Mama, si ulisema huwezi kudanganya?"

Ukamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Hawa watoto hawana nyumba, Gladwell. Nami nimwache msichana wa watu mlangoni?"

Tuliporudi tulikuta Nabwile ameihifadhi cherehani yako nyumbani kwake, na vitabu vyote, vimefungwa vizuri kwa vitambaa vyake vya kuuza. Ulifanya kazi miezi michache zaidi. Kisha moyo ukachoka.

Sasa sikia. Mwezi wa Machi mwaka huu, Tonny, mwana wa Mwalimu anayesoma ng'ambo, alikipata kitabu cha tatu na kukituma. Mwalimu hakukifungua. Alikileta kwetu Kwanza kikiwa kwenye bahasha yake, tukakisoma pamoja mchana kutwa, Gladwell akisoma kwa sauti na Mwalimu akimpokea sauti ikikauka. Msichana anavuka lango. Anampata kaka yake. Lakini harudi kwao. Anabaki mjini kule juu anafanywa malkia, na mama yake hatajwi tena.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Kimeandikwa vizuri sana," alisema. "Lakini ni Mama Nyaruai, mama yenu, aliyemfikisha nyumbani."

Jumamosi hii, tarehe 22 Agosti, baada ya maombi ya saa nne nyumbani Kwanza, Gladwell atawasimulia watoto mwisho wako. Hicho kingine kipo kwenye rafu kwa atakayependa kukisoma. Anawe mikono kwanza.

Unakumbukwa na mumeo Zachary Kimotho, wanao Nyaruai, Wanyoike na Gladwell, wajukuu wako, jirani yako Nabwile, Mzee Kimaiyo na kanisa lote, na Mwalimu Wekoye, Nasambu na Tonny wa Bungoma, ambao tunawaandika hapa kama jamaa kwa sababu ndivyo walivyo.

Hatuachi kukukumbuka, Mama, leo na siku zetu zote.