Kobe Amerudi Barabarani

Inspekta,

Naanza na tangazo la kifo chako kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza. Lilitoka Alhamisi, safu ya pili kutoka kushoto. Jina lako lilikuwa sahihi. Majina ya watoto, jina la kijiji, saa ya kuondoka mochari, yote sahihi. Umri walikuongezea mwaka mmoja, lakini hilo hata wewe ulikuwa ukilifanya ukitaka kuachiwa kiti. Picha ndiyo haikuwa yako. Ilikuwa ya Kobe.

Usicheke kwanza, nikueleze ilivyokuwa. Mama Nekesa alitafuta picha yako nyumba nzima. Zile katoni mbili chini ya kitanda alizimwaga sakafuni, na wewe hukuwemo, maana siku zote ulikuwa nyuma ya kamera. Alipata picha ya kibao cha kona kali kwenye barabara iliyonyooka. Alipata kile cha mtaa wa Fedha cha kuonya kuhusu tuta, ambacho kimesimikwa juu ya tuta lenyewe ili dereva ajue alichokwisha kugonga. Alipata kile cha Eastleigh cha taa za barabarani, taa zote tatu za kijani kwa kuwa fundi alikuwa na mkebe mmoja wa rangi. Mume hakumpata. Karibu na chini ndipo akaiona ile niliyokupiga mimi: wewe na Kobe, mkono wako juu ya nguzo yake kama mtu anayepigwa picha na shemeji tajiri. Ulikuwa umejisogeza pembeni kabisa ili Kobe aonekane vizuri. Hapo ndipo ulipojiponza.

Karani wa matangazo pale gazetini kwetu ana kanuni moja. Picha ikiwa pana kuliko safu, hukata pande zote mbili akabakiza katikati. Siku hiyo alikuwa na marehemu wengi na hakuangalia nyuso. Alikata kwa makasi, ukaenda zako na kipande cha ua wa shule. Mimi nilikuwa Nakuru kwenye kesi, nikaliona tangazo asubuhi kama msomaji mwingine yeyote. Nililiangalia kwa makini na nataka ujue kwamba hukukosekana kabisa. Vidole vyako vinne vilitoka. Viko juu ya nguzo.

Nilidai sahihisho. Mhariri hakubisha, aliuliza tu, "Tuandike kwamba picha haikuwa ya marehemu. Sawa. Lakini tuseme ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mtoto wa shule. Akaitazama muda mrefu kisha akasema ni heri tunyamaze.

Unamjua Kobe kuliko mtu yeyote, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba habari husimuliwa kwa utaratibu hata kwa anayeijua. Wazazi wa shule yetu hapa Lucky Summer waliomba kibao cha watoto wanaovuka hadi wakachoka. Basi wakatafuta bati zito, wakampelekea Ndolo, yule fundi wa Baba Dogo anayepaka rangi mabodi ya malori. Walimwambia wanataka pembetatu nyekundu na ndani yake mtoto anayekimbilia shule na mkoba mgongoni. Ndolo alianzia kichwani. Kichwa kikatoka kidogo, shingo ikaenda mbele, mkoba ukawa mkubwa na wa mviringo, na alipofika miguuni pembetatu ilikuwa imekwisha. Ndivyo tulivyopata kobe mwenye haraka, amesimama kwa miguu miwili isiyo na magoti.

Ndolo hajawahi kukubali. "Huyo ni mtoto," husema. "Amechelewa."

Mwezi haukuisha makanga wa matatu wakawa wanaita, "Wa Kobe, Kobe washuke, wasee wa Kobe!" na kituo kikapata jina. Hata kadi ya harusi ya binti wa Mzee Lubanga iliwaambia wageni washukie Kobe, na Mzee Lubanga ni mzee wa kanisa asiyechezea maneno.

Mimi na wewe tulimgombania Kobe karibu kila Jumapili tukitoka ibadani, wewe na kamera yako shingoni na kofia ya ukaguzi wa tiketi za treni kichwani, reli iwe imekupa likizo ama haikukupa. Nilikuambia alama ina kazi moja, kueleweka haraka, na hii anayeielewa ni aliyeichora peke yake. Nilikuambia miguu ile ni kosa na irekebishwe. Ulinijibu bila kunitazama, ukigeuza lenzi: "Mwandishi, kibao kizuri hakuna anayekisoma. Lakini dereva akimwona Kobe, lazima apunguze mwendo amuulize mwenzake, yule ni mnyama gani? Wakimaliza kuulizana, mtoto amevuka." Nilikuambia huo si ushahidi. Ukasema, "Ngoja."

Sasa sikiliza yaliyotokea nyumbani kwenu siku ya mazishi. Ami yako, yule mrefu mwenye fimbo, alikuja na tangazo amelikata vizuri na kulikunja mfukoni mwa koti. Alinivuta kando, nyuma ya jiko. "Kijana," akasema, "niambie mimi mtu mzima ukweli. Huu ugonjwa ulianzia mgongoni?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Ni moyo. Alianguka akiwa kazini."

Akalifungua tangazo, akalitazama, akanitazama. "Basi huu uvimbe ni wa nini?"

Nikalikunja tangazo, nikalirudisha mfukoni mwa koti lake. Dada yako alitusikia. Alijizuia mpaka kaburi likafukiwa na nyimbo zikaisha, kisha akakaa chini ya turubai akacheka hadi akaletewa maji. Mama Nekesa naye akacheka. Baadaye hakuwa anacheka tena, lakini alikuwa bado ameshika mkono wa dada yako, na watu wakatuacha hapo.

Nilidhani mambo yataishia huko. Nilisahau kwamba mji huu una watu wanaofungua gazeti moja kwa moja kwenye vifo, hata kabla ya kunywa chai. Mmoja wao ana dawati katika ofisi ya barabara. Aliona pembetatu nyekundu asiyoijua, na chini yake pameandikwa kwamba marehemu alikuwa mkazi wa Lucky Summer. Lori lilikuja juma lililofuata. Walimng'oa Kobe pamoja na saruji yake, wakasimamisha kibao kipya: watoto wawili wameshikana mikono, miguu minne kamili, rangi sawa, nguzo wima. Nilikizunguka pande zote nikitafuta kosa. Sikupata.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Hakuna gari lililopunguza mwendo. Nilikaa kwa mama wa mandazi pale kona asubuhi kadhaa nikihesabu magari kimoyomoyo, kisha nikaacha kuhesabu kwa kuwa jibu lilikuwa lilelile. Makanga waliendelea kuita Kobe, na wageni wakawa wanashuka na kuuliza yuko wapi. Mama Nekesa akaanza kusimama katikati ya lami kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, leso begani, mkono umeinuliwa. Madereva walidhani ni mtu wa injili.

Halafu siku moja gari la mikate lilipita kasi Nekesa akiwa ametia mguu barabarani. Halikumgusa. Liliuchukua mkoba wake, mkanda ukanasa kwenye bampa, na mkoba ukasafiri na vitabu vyote hadi Baba Dogo. Ulirudishwa na mtu mwema mchana, na alama ya tairi imechorwa juu ya kitabu cha hesabu. Nekesa aliogopa zaidi mwalimu kuliko gari. Mama yake alikuja mlangoni kwangu na ule mkoba, akauweka mezani juu ya taipureta.

"Shemeji," akasema, "mwenzako nimemzika. Huyu sitamzika. Nirudishie Kobe."

Basi nikaenda stoo ya ofisi ile, nje kabisa ya mji, na Mama Nekesa nyuma yangu amevaa nguo nyeusi. Nilimkuta Kobe ameegemezwa ukutani kati ya mapipa ya lami. Mtunza stoo alikuwa mtu mpole anayekula machungwa. Akaniambia kibao kile hakiwezi kurudishwa barabarani kwa sababu hakimo kwenye kitabu cha alama. Nikamwomba anionyeshe kitabu. Tulikipitia wote, ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na swala, kulikuwa na treni ya moshi ambayo ungetaka kuibishia muundo wake. Kobe hakuwemo.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo si alama ya barabarani?"

"Si alama."

"Na stoo hii inaweka nini?"

"Alama za barabarani na vifaa vyake."

"Sasa hiki kinafanya nini humu?"

Aliacha kumenya chungwa. Akakitazama kibao, akalitazama vazi jeusi la Mama Nekesa, akauliza kama marehemu alikuwa mwenye kibao. Mama Nekesa akatoa tangazo la kifo, akamwonyesha picha, kisha akaweka kidole juu ya vidole vyako. "Huu ni mkono wake," akasema. Mtunza stoo alivua kofia. Alitusaidia kukifunga kibao juu ya mkokoteni yeye mwenyewe, na akatuomba tu tusikirudishe kwenye ardhi ya barabara.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya pili. Mahali pekee panapotazama ile kona na si pa barabara ni ua wa kanisa letu. Unajua maana yake: kikao cha wazee. Mzee Lubanga alisimama akasema yeye hana ubaya na marehemu, ambaye aliimba besi vizuri alipofika mapema, lakini mnyama hawezi kusimama mbele ya nyumba ya Mungu akiwakaribisha watu. Mama mmoja wa kwaya akamuuliza, "Na ile kadi ya harusi uliyoandika Kobe, mzee, uliwakaribisha wapi?" Mzee Lubanga akaomba mwongozo wa mwenyekiti.

Mwisho waliamua kumwita Ndolo atoe ushahidi. Alikuja na nguo zake za kazi, rangi hadi kwenye nyusi. Mchungaji akamuuliza mbele ya wote ni nani yule aliye ndani ya pembetatu. Ndolo hakuyumba. "Ni mtoto," akasema. "Amechelewa." Mchungaji akawageukia wazee akasema kanisa lake limejaa watu wa namna hiyo kila Jumapili, na haoni kwa nini mmoja asisimame nje. Wakakubali kwa sharti moja, kwamba chini ya Kobe iwekwe mbao yenye saa za ibada, ili asiwe pale bure.

Tulimsimika Jumamosi. Ndolo alichanganya saruji, mimi nikashika nguzo, Mama Nekesa akatuambia imeinama kulia hata ilipokuwa haijainama. Ilipokauka, Ndolo alichota rangi nyeusi akaniita pembeni. Sasa kwa kuwa chini kuna mbao, akasema, ana nafasi. Anaweza kuimalizia ile miguu, magoti na viatu, nusu saa tu. "Si wewe uliyekuwa unailalamikia?"

Ni mimi. Nilimwambia aache kwanza hadi Jumatatu.

Jumatatu nilikaa kwa mama wa mandazi. Nekesa alikuwa ukingoni mwa lami na wenzake, mkoba wake mwingine mgongoni. Gari lililokuja lilikuwa lilelile la mikate, kasi ileile, na nilikuwa nimekwisha kusimama. Lilipofika usawa wa kanisa likapungua. Likapungua tena, hadi nikasikia sauti ndani. Dereva alikuwa ametoa kichwa nje. "Yule ni mnyama gani?"

Utingo akasoma mbao. "Sijui, boss. Lakini anaenda ibada ya saa tatu."

Nekesa alikuwa amevuka, na wenzake wote.

Nilikugeukia nikuambie kwamba huo sasa ni ushahidi. Kando yangu kulikuwa na kikombe changu na mfuko wa mandazi. Nikanunua mengine mawili, nikampelekea Ndolo, nikamwambia rangi ile nyeusi airudishe mkebeni.

Tangu siku hiyo Kobe anafanya kazi. Waliosoma saa za ibada wakaja ni wachache, ila Mzee Lubanga huwaelekeza wageni kwake bila haya. Kile kibao kizuri cha watoto wawili kiling'olewa na watu wa vyuma chakavu, na naamini sasa kimekuwa jiko, kinachemsha maharagwe mahali. Kobe hawamgusi. Wanashukia pale.

Karani wa matangazo alinitafutia kile kipande alichokikata, kilikuwa bado ndani ya bahasha. Umo wewe mzima, kofia na kamera, mkono umenyooshwa unaishia kwenye makali ya makasi. Nimekipachika juu ya dawati langu, na tangazo ubavuni mwake, vidole mahali pake.

Lala salama, Inspekta. Nekesa ataendelea kuvuka pale hadi amalize shule, na mimi nitakuwa kwa mama wa mandazi. Kila mwaka mvua ikishaosha rangi nitamleta Ndolo aikoleze ile nyekundu na ile nyeusi. Miguu sitamruhusu aiguse.

Mwandishi