Mama Kuku wa Isinya Hajaugua

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa

Yeiyo, mama yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, wacha niseme hili haraka mkono usije ukaogopa. Yule Mama Kuku wa Isinya anayesomwa redioni kwa kipindi cha Mjomba, yule unayemsifu kila tukiongea kwa simu, "huyo mama ana akili, angekuwa huku tungempa uenyekiti wa mfereji," ni mimi. Hakuna Mama Kuku. Ni mimi Nashipae wako, nimekaa kitandani na sare ya shule, natuma ujumbe kwa simu uliyoninunulia. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Wewe ndiwe wa kwanza.

Sasa nakusalimu. Hamjambo wote huko? Kifua cha Baba kimepoa? Vitunguu vimefika kung'olewa, au maji bado yanaishia kwa wale wa juu? Mimi mwili uko sawa, Mjomba na Anti wananitunza kama mtoto wao. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu nikipiga simu wewe huiweka sauti kubwa, boma lote linasikia, na jambo hili nataka liingie kwako kwanza. Kesho nitampa dereva wa lori la vitunguu akirudi Loitokitok. Ukiona karatasi imekunjwakunjwa usishangae. Kila nikisikia mtu anapita hapa nje naisukuma ndani ya kitabu cha Kemia.

Wacha nieleze ilivyoanza. Unamjua Mjomba, ndugu yako. Hapa nyumbani anaweza kula chakula chote bila kusema neno. Lakini akiwekwa mbele ya maikrofoni asubuhi, si yeye tena. Anawakemea waimbaji na wachekeshaji wanaoongoza maandamano, anavikemea vyama, anaikemea serikali. "Mtu ameimba klabu mpaka kuku wameamka," anasema, "halafu anataka kunifundisha katiba? Maandamano yana picha nzuri. Kazi haina picha." Mimi nilikuwa nasikiliza nikifunga viatu, na Mama, kusema ukweli nilikuwa nakubaliana naye kwa mengi. Hilo pia sikuwa nimemwambia mtu. Shuleni ukisema unamsikiliza Mjomba, utaitwa nyanya mzee mpaka umalize kidato cha nne.

Siku moja nikatuma ujumbe nikaandika ukweli, kwamba mimi ni mwanafunzi, na swali langu. Mjomba akausoma nusu, akaucheka. "Huyu ni mtoto. Mtoto wangu, rudi darasani, siasa waachie wakubwa." Hakujua ni mimi. Namba yangu hana, na kwa kweli tunaishi nyumba moja, anipigie kwa nini? Lakini niliona aibu kama amenikemea mbele ya kanisa. Nikasema basi, kama ni ukubwa mnataka, nitakuwa mkubwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kuosha nyumba ya kuku wa Anti, mikono bado inanuka. Nikajipa jina la Mama Kuku, na kwa sababu Isinya kila mtu anafuga kuku, nikawa wa Isinya. Nilidhani ni ya siku moja tu.

Halafu akaja yule mwanamuziki mwenye rasta ndefu, yule aliyeacha kuimba mapenzi siku hizi anaimba haki. Alikuja hapa Kitengela na vipaza sauti na fulana nyeusi, akasimama mbele ya lile jengo la kina mama kujifungulia ambalo halijaisha tangu nije. Akapiga kelele, akapigwa picha, akaenda. Wasichana wa darasa letu walilia kumwona. Mimi nikamwandikia Mjomba: "Mimi Mama Kuku wa Isinya. Huyo kijana amepigania kina mama na hakumuuliza hata mama mmoja jina. Arudi Jumatatu bila kamera, apange foleni na sisi."

Mama, mji mzima ulirudia hayo maneno. Mtu wa bodaboda akicheleweshwa na mteja anamwambia, "Wewe, utarudi Jumatatu bila kamera!" Nilikuwa napita nikisikia hivyo nainamisha uso. Mimi ambaye mwalimu akiniuliza jibu nalinong'oneza dawati.

Lakini kuna kitu nilikuwa najua. Njia yangu ya shule inapita nyuma ya hilo jengo. Upande wa barabara limepakwa rangi na limewekwa madirisha, bango la mheshimiwa anayelijenga linameta. Upande wa nyuma hakuna kitu, mawe matupu, mbuzi wanaingia na kutoka. Na huyo mheshimiwa ni wa chama cha Mjomba, na chama chake Mjomba hakifichi. Nilikaa na hilo jambo kama mtu aliyemeza mfupa. Mwisho nikaandika: "Mtangazaji, mwimbaji umemuuliza. Sasa muulize na mheshimiwa wa chama chetu. Jengo lina uso na halina mgongo. Pesa za mgongo zilienda wapi? Ama kwa sababu ni wetu tunyamaze?"

Alianza kuusoma na ile sauti yake kubwa. Alipofika katikati, sauti ikashuka. Redio ikanyamaza mpaka Anti akaigonga akidhani betri zimekwisha. Halafu nikamsikia Mjomba: "Mama Kuku, umenigonga mahali panauma. Lakini swali ni swali. Mheshimiwa, simu iko wazi." Mheshimiwa hakupiga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata kama leo ni Jumapili, wakakubaliana. Mwanamuziki akaandika kwa mtandao wake kwamba Mama Kuku ni msikilizaji hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara na hawapo. Vijana wa chama nao wakasema Mjomba amenunuliwa na wapinzani, anajiandikia maneno halafu anayasoma. Hata Shiro, ninayekaa naye dawati moja, akaniambia, "Huyo Mama Kuku ni feki bana. Ni huyo buda, mzee wa redio, anajitumia meseji. Wewe si ni uncle yako? Muulize." Nikasema sijui. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka kengele.

Mjomba alikasirika mpaka akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya, akaapa hewani. "Mimi kila asubuhi nawataja wanaolipa watu wasiokuwepo. Nikipatikana na msikilizaji asiyekuwepo, naacha kipindi hiki siku hiyohiyo. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Isinya kumsalimia Mama Kuku, na kila mtu abebe kamera yake."

Nilinyamaza. Sikutuma tena chochote. Nilidhani nikinyamaza watu watasahau. Lakini Mama, si unawajua watu wa kutuma salamu redioni? Mmoja akinyamaza wiki, wanajua ni mgonjwa au amefiwa, na wanaenda kumwona hata kama hawajawahi kukutana. Basi wakaanza. Mwenyekiti wao ni yule Mama Maziwa wa Kimuka, wa sauti nene. Alitangaza kwamba Mama Kuku ameugua, wachange unga na sukari, na wamtafutie shuka mpya. Akachukua namba yangu kwa watu wa redio, akanipigia mpaka simu ikapata joto, sikushika. Mwisho akaniandikia: "Dada yangu, kama huna nguvu ya kuongea, usiongee. Leo tumekuombea kanisani. Jumamosi tuko kwako, usipike."

Hapo kwa "usipike" ndipo niliposhindwa. Watu wamefunga unga kwa ajili ya mgonjwa ambaye hayuko, na Mjomba atasimama Isinya mbele ya kamera akiuliza majirani nyumba ya mtu ambaye mpwa wake amemtunga. Yeye ambaye hajawahi kunywa hata soda ya mwanasiasa ataitwa mwongo, na kipindi kitaisha. Nimejaribu kumwambia mara nyingi. Namkuta sebuleni, nafungua mdomo, natoka na "Anko, nikuletee chai?" Ameshakunywa chai mpaka Anti anauliza kama kuna wageni. Kwa hivyo nikaona nianze na wewe. Nikikuandikia wewe, labda

Mama, nasikia ndala zake. Anakuja huku. Kitabu cha Kemia kiko hapa karibu, lakini barua siifichi. Naiacha juu ya meza.

Naendelea. Ukiona maandishi yamepinda usiogope, bado nacheka.

Aligonga akasema, "Nashipae, uko na chaja?" Chaja tu, Mama! Nikamwonyesha ilipo, juu ya meza, kando ya barua. Akainama kuichukua. Akaona jina la Mama Kuku. Akabaki hivyo ameinama, kisha akavuta kiti akakaa, akavaa miwani.

Alisoma kurasa zote. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Alipomaliza akasema, "Umenifanya niape uongo."

"Ndio, Anko. Nisamehe."

"Mbele ya watu."

"Ndio."

Akavua miwani. Halafu akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Kumbe anacheka bila sauti, kile kicheko cha kwenu. "Unajua sijalala?" akasema. "Nilidhani huyo mama ametumwa. Nilidhani ni mtego wa watu wa chama, waniandikie vitamu niviamini, halafu wanimalize. Namtafuta adui Isinya, kumbe adui anaosha nyumba ya kuku wangu."

Nikacheka na mimi, machozi yakatoka. Halafu akageuka mkali kidogo, unamjua. "Lakini bado nasema, siasa ni ya wakubwa."

Sijui nilitoa wapi nguvu. Nikasema, kwa mdomo, si kwa simu: "Na hilo jengo, Anko? Wanaozaliwa mle ni wakubwa?"

Mama, unajua mimi kila siku nikimsalimu humpa kichwa akiguse, kama watoto wote wa kwetu. Akasimama, nikainamisha kichwa kwa mazoea. Hakukigusa. Akanyoosha mkono, nikaushika, akasema, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko." Kama mwanamke mzima anavyosalimiwa kwetu.

Hapohapo akampigia Mama Maziwa wa Kimuka, akaweka sauti kubwa kama wewe. Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Alimweleza kila kitu bila kuzunguka. Nikajua sasa natukanwa. Kisha ile sauti nene ikasema, "Ngoja. Unaniambia huyu mtu si mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ni mtoto wa shule."

"Asante Mungu! Mimi nilikuwa nimeshachagua wimbo wa mazishi." Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa unga umefungwa, siufungui. Tunakuja Jumamosi hapo Kitengela, na huyo mtoto apike chai. Nilimwambia asipike, nimefuta. Na tukimaliza chai, sisi kina mama tunataka kwenda kuona huo mgongo wa jengo. Kwa miguu, polepole. Kamera zenu mkitaka mje nazo, mkitaka mziache."

Mjomba anasema Jumamosi asubuhi, kabla hawajafika, atafungua kipindi kwa kusema kwamba alikosea, kwamba aliapa juu ya mtu asiyemjua, na kile kiapo cha kuacha kipindi anawaachia wakubwa wa redio waamue. Wacha wamcheke asubuhi moja. Kama wakubwa wa redio watamwambia atoke, atatoka akiwa amesema ukweli. Lakini hafikiri watamtoa, na Anti pia hafikiri, kwa sababu swali la mawe ya nyuma halikuwa hewa. Liko pale, mtu yeyote anaweza kuligusa. Nilimuuliza, "Na wakisema ni wewe uliniandikia?" Akaniuliza, "Utakuja studio useme mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nashipae," akasema, "redio haioni kichwa."

Nikasema ndio. Nikasema tena kwa sauti, ndio, na Anti akauliza kutoka jikoni, "Ndio nini?"

Mama, kifua changu kimekuwa chepesi, sijui nikufananishie na nini. Nimekula ugali mara mbili. Naogopa Jumamosi, lakini ni woga wa mtu anayejua anakwenda wapi. Kama umekasirika kwamba nilikudanganya pamoja na wengine, nikemee ukinipigia, na hata kama simu iko sauti kubwa, sawa tu.

Nisalimie Baba, umwambie anywe ile dawa asiitupie mbwa. Nisalimie Koko, nyanya yangu, umshikie mkono kwa niaba yangu, umwambie bado nasali kabla ya kulala. Mdogo wangu Lemayian mwambie kalamu zake nimemtumia na huyu dereva, asimnyang'anye dada yake. Na yule mama jirani wa mfereji wa juu msalimie pia, hata kama anatuibia maji.

Jumamosi asubuhi fungua redio mapema. Nitaanza kwa kusema jina langu na la kwetu. Kama sauti itakwama, mjue niko hapo bado, navuta pumzi.

Binti yako akupendaye,
Nashipae