Kaa Wewe Kwanza

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua na unalala vizuri. Mimi ni mzima, ila kabla Mjomba hajakupigia simu kukueleza ya upande wake, nisikilize mimi.

Unaijua desturi ya karakana yake: kiti hakitoki mpaka aliyekitengeneza akikalie mbele ya wote. Juzi tulimaliza viti vya zahanati, vya kina mama wajawazito kusubiria. Mbao zilikuwa mbichi. Nilimwambia Mjomba pembeni siku ziliposhushwa karakana, nikamwambia tena siku ya kupaka gundi, kwamba zikikauka zitasinyaa na miguu italegea. Akasema mteja hawezi kusubiri. Basi zamu yangu ya kukalia ilipofika nikabaki nimesimama. Nikasema, "Leo kitanibeba. Baada ya miezi miwili kitamwangusha mjamzito. Mimi sikikalii."

Mafundi wote wakaangalia viatu vyao. Mjomba hasemi nami tena, hata mezani nyumbani kwake.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, nalichua jioni. Mjomba wako amepiga, na hakukata upesi.

Mdomo wako hauna breki. Ulipokuwa mdogo ulimwambia mgeni wetu kwamba anakula sana, na kweli alikuwa anakula sana, lakini nani alikuuliza? Huyu ni kaka yangu. Alikupa kitanda na randa wakati karakana nyingine zilicheka kusikia fundi msichana. Sasa anataka umwombe radhi mbele ya mafundi na ukikalie kiti, la sivyo utafute pengine. Meza maneno, mwanangu. Mimi sina ndugu mwingine.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na goti. Radhi nimemwomba, mbele yao wote, kwa kumsema hadharani. Kisha akanionyesha kiti. Nikamwambia mimi nimeomba radhi, lakini kiti hakijabadilika.

Kazi sina. Nimehamia kwa mama anayetushonea mito ya viti, chumba kimoja na wanawe, ana roho nzuri. Viti vyangu walivikalia wengine, vikapelekwa. Naumia, hasa kwa ajili yako. Lakini ukiniuliza tena nitasema vile vile.

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Kama umekasirika, niandikie hiyo hasira, nitaisoma. Goti je?

Mwanao

27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika, ndiyo maana nilikaa kimya. Nimefurahi kwamba unakula na kulala kwa watu wema.

Jumapili Mjomba wako alikuja kunisalimia, na kiti nyuma ya gari. Zawadi, alisema, nipumzishie goti. Kilibaki kimoja kutoka vile vya zahanati, na amekiwekea mto wa bluu. Wewe hatukukutaja. Alikiweka karibu na dirisha, jirani akakisifia, nami nikashukuru. Nikageuka nikae, ndipo nikakukumbuka umesimama kule karakana.

Tangu utoto wetu sijawahi kumpinga kaka yangu, hata anapokosea njia. Nikamwambia, "Kaa wewe kwanza, kaka."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akauliza kama siku hizi naongea kama wewe, nikamjibu ndiyo.

Chai yake aliinywa amesimama. Alipoaga, alikibeba kile kiti mwenyewe akakirudisha garini, mguu mmoja ukichezacheza, akasema kesho atapeleka lori zahanati kuvikusanya vyote. Kuhusu wewe hakusema neno, na mimi sikumlazimisha. Siku moja atasema.

Goti bado linauma na kiti sina. Njoo unitengenezee. Mbao nimeshazianika.

Mama yako